Mkanda wenu wa "leza" na goti la mama: barua kwa kampuni iliyotuuzia

Wete, Pemba

Kwa Meneja Mauzo
(jina la kampuni na risiti viko kwenye nakala mliyoletewa kwa mkono)

KUH: MKANDA WA GOTI WA "LEZA" NA KUREJESHEWA SHILINGI 385,000

Assalaamu alaykum.

Ndugu Meneja, mimi ni fundi wa redio na simu hapa Wete. Naandika kwa niaba ya mama yangu, ambaye nilimnunulia mkanda wenu wa kufunga gotini, ule mnaosema unatibu maumivu kwa mwanga wa leza, kutoka kwa wakala wenu alipokuja huku Pemba. Dukani kwenu Unguja nimeshapiga simu hadi wamezoea sauti yangu. Mara bosi kasafiri, mara nitume picha. Picha nimetuma, alama mbili za buluu zimetokea, na baada ya hapo kimya. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Nianze na siku ya mauzo. Wakala wenu aliweka meza sokoni, na pembeni ya mikanda alikuwa na mashine ya "kupima magoti bure". Unashika fimbo ya chuma, kompyuta inanguruma kidogo, karatasi inatoka. Ya mama iliandikwa gegedu, yaani ile tabaka laini inayokinga mifupa ya goti isisagane, limebaki asilimia 38. Hakuna aliyemgusa goti, wala aliyemwambia akunje mguu au aunyooshe. Jirani yetu, kijana anayepanda mikarafuu kama anatembea barabarani, alishika fimbo ile ile akaambiwa kabakiwa na asilimia 41. Kazi yangu ni umeme, na naweza kuwaambia kuwa kiganja kilichoshika chuma hakiwezi kutoa habari za gegedu la goti. Lakini hilo nalipita, maana kipimo kilikuwa bure. Mkanda haukuwa bure.

Mama ni mtu wa karafuu. Msimu ukifika hukaa kitako juu ya jamvi tangu alasiri hadi usiku, anachambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule, miguu kaikunja chini yake. Goti la kulia lilianza kumsumbua miaka mingi nyuma, na sasa anasali kwenye kiti. Daktari alimpiga picha ya eksirei, akasema gegedu limelika, akampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Yule bibi alimpa mazoezi ya kutia nguvu misuli ya mbele ya paja: akae kitini, anyooshe mguu, aushikilie juu, aushushe polepole; kisha ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono. Pamoja na hayo, dawa ya kupaka ya diklofenaki, na apunguze uzito kidogo. Mama alikuwa akiyafanya mazoezi huku analalamika, lakini akiyafanya.

Kijana wenu alimwambia nini? "Mazoezi yanasaga mfupa, mama. Vaa mkanda, tulia, mwanga ufanye kazi yake. Na hiyo dawa ya kupaka weka pembeni." Sikuhadithiwa. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Kabla hamjanijibu kwamba sijui tiba hii, naomba tuelewane. Sina ugomvi na tiba ya mwanga. Yule mtaalamu wa fiziotherapia alikaa na mimi akanieleza, na mengine nimeyasoma mwenyewe. Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, aliwanyoa panya na kuwamulika kwa leza dhaifu, akaona manyoya yanaota haraka zaidi pale alipomulika. Hapo ndipo habari hii ilipoanzia, kwa hiyo maneno "uvumbuzi mpya" kwenye boksi lenu yana umri wa babu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga mwekundu na ule usioonekana wa infraredi unaopakana nao hufyonzwa ndani ya seli, kwenye viwanda vyake vidogo vya nguvu viitwavyo mitokondria, na uvimbe na maumivu hupungua. Mwaka 2019 lilitoka chapisho katika jarida la BMJ Open lililokusanya majaribio 22 ya leza kwenye magoti yaliyolika, wagonjwa 1,063 kwa jumla. Lilikuta maumivu yanapungua, ila kwa sharti kwamba dozi iwe ile inayopendekezwa. Upande wa pili, mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayowaelekeza madaktari tiba zipi zitolewe, unasema leza isitolewe kwa ugonjwa huu, na unatanguliza mazoezi na kupunguza uzito. Kwa hiyo wataalamu wenyewe hawajakaa meza moja. Mtu muungwana angemweleza mteja yote mawili kisha amwache achague.

Sasa dozi. Kwa goti, chama cha kimataifa cha wataalamu wa leza kinapendekeza kwa kila nukta inayomulikwa si chini ya jouli 4 (jouli ni kipimo cha nishati) za mwanga wa nanomita 780 hadi 860 (nanomita hupima urefu wa mawimbi ya mwanga), yaani infraredi, ambayo inazama ndani kuliko mwekundu. Karatasi yenu ya maelekezo inasema kila tundu la mkanda linatoa miliwati 5, yaani jouli 0.005 kila sekunde, na mkanda unajizima baada ya dakika tano. Hesabu hii ni ya skuli: miliwati 5 kwa sekunde 300 ni jouli 1.5. Hata nusu haifiki. Na karatasi hiyo hiyo, kwa herufi nzito, inasema mkanda unaweza kuvaliwa "hata juu ya nguo". Juu ya nguo! Mwanga unaozuiwa na kanga utafika vipi kwenye goti?

Hiyo ni kama namba zenu ni za kweli. Zenyewe si za kweli.

Boksi linasema mkanda una matundu kumi na mawili, sita ya mwanga mwekundu wa nanomita 650 na sita ya infraredi ya nanomita 808. Infraredi haionekani kwa macho, na nadhani hapo ndipo mlipoona mwanya. Lakini kamera nyingi za simu huiona. Fundi yeyote wa televisheni anajua: rimoti ikiletwa kwamba haifanyi kazi, unaielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu, unabonyeza, na kwenye kioo unaona kitaa kinawaka rangi ya zambarau nyeupe. Usiku mmoja umeme ulipokatika nilifanya hivyo. Kwanza rimoti, ikawaka vizuri. Kisha mkanda. Matundu sita mekundu yalionekana mekundu. Sita mengine yalikuwa meusi tititi. Nikabadilisha simu, nikachukua za wateja zilizokuwa mezani zinasubiri chaja, majibu ni yale yale. Msije mkaniambia kamera inachuja: rimoti nyingi hutoa mwanga wa karibu nanomita 940, ambao kamera huuona kwa taabu zaidi kuliko huo wa 808. Kamera iliyoiona rimoti haiwezi kushindwa kuuona mkanda wenu, kama kuna kitu ndani. Video ninayo, na nimeichoma kwenye sidii iliyoambatanishwa na barua hii. Mkanda wenyewe sikuufungua, stika ya waranti ipo pale pale, kwa sababu najua jibu ambalo mngenipa.

Na yale sita mekundu nayo si leza. Leza ikipiga ukuta huacha doa lenye chembechembe zinazometameta ukisogeza kichwa. Mwanga wenu unatapakaa ukutani laini, mwekundu mtupu, kama taa ya pasi. Hizo ni taa za LED za kawaida. LED nazo hutumika katika tiba ya mwanga, sikatai, lakini hazikuandikwa kwenye boksi na bei yake si ile niliyolipa. Taa za namna ile mimi huzinunua kwa mafungu kutengenezea redio.

Hapa ndipo barua yangu inapokuwa nzito kidogo. Boksi limeandikwa "leza ya daraja la 3B". Leza ya daraja hilo inaweza kuharibu jicho likiangaliwa moja kwa moja, na ya infraredi ni mbaya zaidi kwa kuwa jicho halioni kitu na halipepesi. Kwa hiyo hutakiwa itumiwe kwa miwani maalumu, kwa mgonjwa na kwa anayemhudumia. Ndani ya boksi hamkuweka miwani. Mama alikuwa akiuvaa huku mjukuu wake wa miaka minne anachungulia "taa za bibi". Sasa chagueni, ndugu Meneja. Kama ni leza ya 3B kweli, mmeuza kifaa cha hatari kwenye nyumba yenye mtoto bila kinga wala onyo. Kama si leza, mmeuza uongo. Jibu la tatu mimi silioni.

Wakala wenu alitundika pia "Cheti cha FDA" kwenye fremu, chenye muhuri wa dhahabu na bendera ya Marekani. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haitoi vyeti vya usajili kwa wauza vifaa tiba, na kampuni kusajiliwa kule hakuna maana kwamba kifaa chake kimekubaliwa. Sisi tuko Zanzibar. Cheti nilichotaka kukiona ni cha Wakala wa Chakula na Dawa wa hapa hapa, na hicho hakikuwapo mezani. Lile neno "teknolojia ya NASA" naligusa tu: NASA, shirika la anga la Marekani, walitumia taa za LED katika kuotesha mimea, na baadaye wakagharamia utafiti wa vidonda. Mkanda wenu haujatoka kwao.

Mama aliutumia kama alivyoelekezwa, asubuhi na jioni, na mazoezi akayaacha. Maumivu hayakupungua. Paja la kulia limepungua. Nguo zake zinaonesha, na mtaalamu alipolipima kwa futi ya kitambaa alithibitisha. Zamani alikuwa akiinuka kwenye jamvi kwa kujishika goti. Sasa anasubiri mtu wa kumpa mkono, na akikosa mtu anabaki pale pale akiita. Ameanza mazoezi upya, tena kuanzia chini kabisa. Na kwenye ukurasa wenu bado mnaandika kuwa mkanda "unaotesha gegedu" na "unaondoa haja ya upasuaji". Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mwanga huu unaotesha upya gegedu la goti la mtu. Mama wa mwenzangu akisoma maneno hayo ataahirisha kwenda kwa daktari.

Ninachotaka ni hiki. Nirejeshewe shilingi 385,000 zote, bila "gharama za usumbufu" ambazo kijana wenu wa simu alizigusia. Mkanda nitaukabidhi siku hiyo hiyo kwa wakala wenu yeyote hapa Pemba, au nitaupakia kwenye boti kwa gharama yenu. Nijibiwe kwa maandishi mkanda unatoa mwanga wa urefu gani, miliwati ngapi, umepimwa na nani, na namba yake ya usajili kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ni ipi. Maneno ya kuotesha gegedu na kuzuia upasuaji yaondolewe kwenye matangazo yenu. Na mawakala wenu wakatazwe kumwachisha mtu mazoezi na dawa alizopewa na daktari, kwa sababu muuza taa si tabibu.

Nawapa siku kumi na nne tangu mtakapotia sahihi kupokea barua hii. Zikipita bila jibu, barua pamoja na video, risiti na boksi vitakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Nakala zao nimeshazichapa, zimo kwenye bahasha, bado kutia tarehe.

Wenu,
Fundi wa redio na simu, Wete
(jina, sahihi na namba ya simu viko kwenye nakala mliyoletewa)