Risala kwa Mgeni Rasmi: Makala Imefika, Waya Bado

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mzee Chifu, wazee wa mtaa, mama mlezi wa ukumbi huu, wazazi wetu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo.

Kwa niaba ya wanachama 23 wa kikundi chetu cha wahariri wa kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo msomaji yeyote anaweza kuiandika na kuirekebisha, nakukaribisha hapa Eastlands, Nairobi, kwa mikono miwili. Tunajua una shughuli nyingi, na tunajua umeacha hafla nyingine ili uwe nasi kabla ya saa nane. Barua yetu ilisema saa nne, lakini hilo limepita.

Mheshimiwa, historia yetu ni fupi na nitaipitia mbio. Tulianza mwaka 2021 tukiwa vijana sita wenye simu mbili. Mwaka uliofuata, mgeni rasmi wa wakati huo alituahidi kompyuta kumi. Zilifika nne, na kwa hizo nne tunamshukuru hadi leo. Zilikuwa zimestaafu kazi ya ofisi, na kibodi ya mojawapo haikuwa na kitufe cha K. Anayeandika Kiswahili anajua hasara hiyo ni ya kiasi gani. Kitufe tulikitafuta kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, tukakipata.

Kompyuta hizo zilikataa karibu kila programu ya siku hizi. Mchezo mmoja ulikubali bila kinyongo, nao ni Civilization, uliotolewa mwaka 1991 na kampuni ya MicroProse ya Marekani. Uliundwa na Sid Meier pamoja na Bruce Shelley, na umri wake unaupita wa wanachama wetu wote, katibu akiwemo. Tuliucheza wiki tatu. Kisha mmoja wetu akauliza makala yake ya Kiswahili inasemaje, tukaifungua, tukakuta sentensi tatu. Moja kati ya hizo ilikuwa na makosa. Tukaamua kuiandika upya.

Kwa faida ya wazazi walioniuliza tangu asubuhi kama kikundi hiki kinafundisha kamari, naomba dakika moja. Mchezo huu unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo. Unapewa kundi la watu katika ardhi usiyoijua, unajenga mji, unavumbua alfabeti, gurudumu na ufinyanzi, unapatana na majirani au unapigana nao. Ushindi unapatikana kwa njia mbili: uwateke wote, au upeleke chombo cha anga kwenye nyota za Alpha Centauri. Kila mmoja anacheza kwa zamu, sawa na wazee wetu pale nje na drafti yao ya vizibo vya soda. Hata neno lenyewe tulipewa na wazee hao. Tulikuwa tumebishana Jumamosi nzima jinsi ya kuita mchezo wa aina hii, Mzee mmoja akageuka kutoka kwenye ubao wake akasema, "Si ni mchezo wa zamu?" Tukaandika mchezo wa zamu.

Si maneno yote yaliyokuja kwa urahisi hivyo. Wale watu wa kwanza wanaojenga mji tuliwaita walowezi, kwa kuwa ndivyo kamusi inavyosema. Tulipoisoma rasimu mbele ya wazee, chumba kilinyamaza. Katika nchi hii neno walowezi lina mashamba ndani yake, na lina watu waliohamishwa. Tulilifuta tukaandika waanzilishi wa miji. Wale maadui wanaozuka ghafla bila taifa, ambao kamusi ingetaka tuwaite washenzi, tukawaita wavamizi. Hatukutaka mtoto wa mtaa wa Jericho asome makala yetu na kukuta tusi alilotukanwa nalo babu yake. Humo mchezoni, kati ya mataifa 14 ya kuchagua, ya Afrika ni mawili tu: Wamisri wa Ramesses na Wazulu wa Shaka. Hilo nalo tumeliandika, bila kulalamika, kwa sababu kamusi elezo hairuhusu kulalamika. Tumeongeza kwamba katika toleo la sita la mwaka 2016 Zanzibar imo kama mji huru, na anayefanya urafiki nayo kuliko wenzake hupata karafuu na mdalasini.

Mafanikio yetu, Mheshimiwa, ni makubwa. Makala iliyokuwa na sentensi tatu leo ina maneno 2,600 na tanbihi 31, kwa hiyo si kosa kusema kwamba tumeleta mapinduzi katika elimu ya taifa. Makala hiyo inasomwa hadi nje ya mipaka: mwezi uliopita mtu aliyesema yuko Tanga aliturekebishia ngeli katika aya ya pili. Vilevile tumepunguza uhalifu mtaani, maana vijana 23 walio ndani ya ukumbi siku za Jumamosi hawawezi kuwa barabarani. Mzee Chifu atanithibitishia.

Sasa naomba nije kwenye jambo lenyewe.

Mheshimiwa, ukigeuka nyuma kidogo, juu ya swichi ya taa, utaona kisanduku cheupe chenye antena mbili. Hiyo ni ruta, kifaa cha kugawa intaneti. Mama mlezi ameifunika kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi, na kitambaa hicho amekwisha kukifua mara tatu. Ruta hiyo haijawahi kuwaka. Ililetwa na mgeni rasmi wetu wa mwaka juzi, aliyesimama hapo ulipoketi akasema intaneti ya waya itafika kabla ya Krismasi. Hakutaja Krismasi ya mwaka gani, na kosa ni letu kwa kutouliza. Wewe mwenyewe ulikuwapo siku hiyo, Mheshimiwa, kiti cha pili kutoka kushoto, na picha tunazo zinazoonyesha ukipiga makofi. Hatutakukumbusha kwamba ahadi ni deni, kwa kuwa mgeni yule alitutangulia kuisema methali hiyo mwenyewe, tena mara mbili.

Huenda ukasema vijana wana simu, watumie bando. Tunatumia. Kila Jumamosi tunachanga, mmoja anawasha hotspoti, na sisi wengine tunamzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama. Lakini gharama siyo shida kubwa kuliko zote. Shida kubwa ni anwani.

Naomba nilieleze hili taratibu, maana mgeni aliyepita alilikatiza kwa kuangalia saa. Kila kifaa kinachoingia mtandaoni huonekana kwa anwani ya namba. Mitandao ya simu haina anwani za kutosha kumpa kila mteja yake, kwa hiyo watu wengi sana, wasiojuana, hutoka nje kwa anwani moja. Ni kama ploti nzima, yaani nyumba za wapangaji wengi, kuwa na mlango mmoja wa barabarani. Sasa mtu mmoja wa ploti hiyo, labda yuko Kayole, labda yuko Kisumu, akiingia kwenye kamusi elezo na kuandika matusi, wakabidhi wanaoilinda huifunga anwani. Hawana ubaya, wanalinda kazi ya watu. Lakini wamefunga mlango wa ploti, nasi tuko ndani. Kuna wakati kizuizi huwa kikali kiasi kwamba hata mwenye akaunti yake safi hawezi kuhifadhi nukta moja.

Kuna sheria nyingine ndogo: anwani moja hairuhusiwi kufungua akaunti zaidi ya sita kwa siku. Mwezi wa tatu tuliita vijana wapya kumi na mmoja kwa mafunzo. Wengine walitembea kutoka Dandora. Sita walijiandikisha, watano wakaambiwa warudi kesho, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Kati ya hao watano amerudi mmoja.

Na sasa nikupe hasara iliyotuuma zaidi, ambayo nusu yake ni kosa letu. Kuna hadithi maarufu kuhusu mchezo huu, kwamba Gandhi, kiongozi wa Wahindi, alikuwa mpenda vita vya nyuklia kwa sababu ya hitilafu ya hesabu. Inasemwa kwamba ukali wake uliwekwa 1, kwamba akichukua demokrasia ulipunguzwa 2, na kwa kuwa kompyuta haikuweza kuhesabu chini ya sifuri, namba ikazunguka ikawa 255, ukali wa kupindukia. Ni hadithi tamu. Tuliiandika kwenye makala kwa mbwembwe zote. Baadaye jamaa ya mmoja wetu aliyeko Marekani akatupigia picha kurasa za kitabu cha kumbukumbu cha Sid Meier mwenyewe, cha mwaka 2020, anamosema hitilafu hiyo haikuwepo kabisa. Siku hiyohiyo tulikaa kuandika sahihisho, tukiwa na chanzo mkononi. Tulipobonyeza kuhifadhi, tukaambiwa anwani imefungwa. Tukabadilisha laini, nayo imefungwa. Tukaenda saiba, duka la intaneti, ikawa imefungwa siku hiyo kwa kukosa stima.

Uvumi ule ulikaa miezi minne kwenye makala yenye kazi yetu na jina la lugha yetu. Mwalimu mmoja wa hapa jirani aliusoma akaupeleka darasani. Tulipokwenda kumweleza, alituuliza swali moja: kama mlijua si kweli, mbona mliuacha? Hatukuwa na la kumjibu ila kumwonyesha ruta yenye kitambaa.

Mheshimiwa, waya hauko mbali. Umefika kwenye nguzo iliyo nje ya geti, hatua 52 kutoka mlango huu, tumezihesabu. Mtaro ulichimbwa mwaka juzi, wiki moja baada ya hotuba, ukaishia kwenye ua. Mvua zimeufukia nusu, na katika nusu iliyobaki watoto wanacheza. Fundi anasema kazi yake ni ya asubuhi moja. Kilichokwama ni vitu viwili: sahihi ya ofisi inayosimamia jengo hili, kuruhusu waya upite chini ya ua, na malipo ya mwaka wa kwanza, shilingi 3,000 kwa mwezi, yaani 36,000. Kwa michango ya hamsini hamsini tumekusanya 7,450, na daftari la mweka hazina liko hapa mezani kwa anayetaka kulikagua. Barua ya kuomba sahihi tumeipeleka mara nne. Mara ya kwanza tuliambiwa anayehusika yuko likizo. Mara ya nne tuliambiwa tulete nakala ya barua ya kwanza.

Tulikuwa na maombi mengine, kama viti, rangi ya kuta na fulana za kikundi. Kamati imekaa jana usiku ikayafuta yote. Wageni waliotangulia waliahidi mambo saba kila mmoja, na tumejifunza kwamba mgeni akiombwa saba huchagua fulana. Hivyo leo tunaomba moja.

Ili tusikuchoshe kwa kufuatilia ofisini, tumerahisisha. Fundi wa waya tumemwalika, ameketi mstari wa nyuma, yule wa shati la buluu. Anasema akiruhusiwa anaweza kuja Jumanne. Msimamizi wa jengo naye yuko, amekubali kutia sahihi iwapo utamwomba mbele ya watu. Fomu iko chini ya glasi yako ya maji, pamoja na kalamu. Chakula kitaandaliwa mara tu baada ya hotuba yako.

Ni sisi wako watiifu, wanachama. Risala imesomwa na katibu.