Malalamiko ya moshi wa magari yapimwe pale yanapotoka

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie moshi wa magari mijini na namna halmashauri zinavyoshughulikia malalamiko ya wakazi. Mara nyingi mlalamikaji huambiwa kuwa kituo cha kupimia hewa kinaonyesha hali ni ya kawaida. Lakini kituo hicho huweza kuwa kilomita kadhaa kutoka kwake, ilhali moshi huwa mzito zaidi kandokando ya barabara na hupungua sana ndani ya mita mia chache tu. Anayeishi jirani na stendi ya mabasi, akafuta masizi dirishani asubuhi na kuyakuta tena jioni, hasemi uongo.

Wala si suala la harufu mbaya. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walithibitisha kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu.

Napendekeza kila lalamiko lifuatwe na kipimo cha kubebeka hadi lilikotoka, hasa saa za msongamano, na mlalamikaji apewe majibu kwa maandishi. Magari yanayotoa moshi mweusi yakaguliwe, yasirudi barabarani hadi yatengenezwe. Mabasi na malori yatangulie, maana hayo hushinda barabarani kutwa nzima.

Msomaji wako,
Mkazi wa kando ya barabara kuu