Bunge lijulishwe kabla silaha hazijauzwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna Bunge la Uingereza linavyoisimamia serikali katika uuzaji wa silaha nje ya nchi. Sheria ya mwaka 2002, iliyotungwa baada ya ripoti ya Jaji Scott ya 1996 kuhusu mauzo ya zana kwa Iraki, inaitaka serikali kuwasilisha taarifa bungeni kila mwaka, lakini wabunge huletewa takwimu za vibali ambavyo vimekwisha kutolewa, na pengine mzigo wenyewe umekwisha kufika. Mwaka 2019 ni Mahakama ya Rufaa, wala si Bunge, iliyoamua kwamba serikali ilikosea kisheria katika kutathmini vibali vya kuiuzia Saudia silaha, na vibali vipya vikasimama hadi 2020. Mwaka 2024 mfumo wa kamati nne kukaa pamoja kuchunguza suala hili ulikomeshwa, kazi ikaachiwa Kamati ya Biashara, ambayo, tuseme kweli, ina mengine mengi mezani. Nchini Marekani, Kongresi hujulishwa mauzo makubwa kabla hayajaidhinishwa. Sioni kinachoizuia London kufanya hivyo.

Msomaji wako