YAH: PROGRAMU YENU INAFUTA VUMBI LA KILIMIA

Kwa Idara ya Huduma kwa Wateja,

Huu ni mwaka wa 3 nalipia programu yenu ya kuondoa uchafuzi wa mwanga kwenye picha za anga la usiku, na mpaka mwezi uliopita sikuwa na neno. Shida imekuja na toleo jipya. Zamani nilipanga mwenyewe alama za sampuli, yaani sehemu za anga tupu ambazo programu hupima ili ijue mwanga gani wa kutoa. Sasa programu inazipanga yenyewe, na haikubali nihamishe wala nifute hata moja.

Niliipiga picha Kilimia, lile kundi la nyota, kwa saa 3: picha 90, kila moja sekunde 120. Nilipoziunganisha, chini kulikuwa na wekundu wa taa za umeme na kona ya juu ina ukijani hafifu. Hilo ni la kawaida, na ndiyo kazi ninayowalipa. Nikabonyeza kitufe chenu. Wekundu uliondoka kweli, ila uliondoka na vumbi la buluu linalozizunguka nyota zile. Nikavuta picha karibu: Merope, moja ya nyota hizo, imezungukwa na pete nyeusi, kama jicho lililopakwa wanja. Nikachukua picha ya awali, nikatoa ile iliyosafishwa ili nione kilichotupwa. Vumbi langu lote limo humo, hadi michirizi yake.

Sababu haijifichi. Alama 5 zilikaa juu ya vumbi lenyewe, programu ikalihesabu kuwa uchafuzi wa mwanga. Mtu mwenye macho angezihamisha kwa nusu dakika.

Nilipowaandikia mara ya kwanza, mlinijibu nipige fremu za fleti, yaani picha za uso mtupu wenye mwanga sawasawa. Jamani! Zilikuwamo, 30 nzima. Fleti hurekebisha giza la pembeni linaloletwa na lenzi, pamoja na madoa ya vumbi karibu na kihisi cha kamera, na hesabu yake ni kugawanya. Mwanga wa taa hujiongeza juu ya mwanga wa nyota, kwa hiyo dawa yake ni kutoa. Nilidhani anayeuza programu ya kazi hii analijua hilo kuliko mimi.

Naomba mrudishe upangaji wa alama kwa mkono, au mniruhusu nirudi toleo lililotangulia bila kupoteza leseni. Yote mawili yakishindikana, nirudishieni ada ya miezi iliyobaki.

Nimeambatisha picha 3: ya awali, iliyosafishwa, na ile ya kilichotupwa. Tafadhali anzeni na hiyo ya mwisho.

Wasalaam,
Mteja wenu