Mita 60 za ukumbini: mambo ya kutazama

Habari zenu wanakikundi. Tunapojiandaa kutazama mbio za mita 60 za wanaume, zinazokimbiwa ndani ya ukumbi, tusizichukulie kama mita 100 zilizokatwa. Rekodi ya dunia ni sekunde 6.34, ya Christian Coleman, 2018. Anayechelewa kutoka kwenye vibao vya kuanzia hana pa kufidia. Tazameni kichwa cha mkimbiaji hasa: akikiinua mapema, mwili unasimama wima kabla hajamaliza kusukuma ardhi, na hapo kasi inakatika. Anayesukuma kibao chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio wa bastola huhesabiwa kawahi, anatolewa. Upepo haupimwi, kwa kuwa ni ndani. Mwishoni msishtuke wakijibamiza kwenye magodoro ya ukutani, nafasi ya kupunguza mwendo ni fupi mno.