Barua kwa Mama Mapacha: Bibi na daftari lake la hoki

Winooski, Vermont
Februari

Shoga yangu Mama Mapacha,

Habari za siku nyingi? Mapacha hawajambo? Shemeji je, bado anaenda na kurudi Kigoma na lile lori? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila baridi. Leo asubuhi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Ziwa lao, Champlain, limeganda pale kandokando hata watu wanaweka viti juu ya barafu, wanatoboa tundu, wanavua samaki wamekaa. Nikikumbuka Tanganyika usiku, mitumbwi na karabai zake, naona hutaniamini, lakini ndivyo ilivyo.

Uliniuliza kwenye ujumbe wa sauti: "Wewe, hiyo hoki unayoitaja kila wiki ni kitu gani, na inakuhusu nini?" Niliona kwa sauti haitaenea, nikachukua kalamu.

Unamkumbuka yule bibi ninayemhudumia. Ana miaka 84. Naenda kwake siku nne kwa wiki, namwogesha, nampikia, namkumbusha dawa. Mwaka wa kwanza hatukuwa na maneno mengi, asante na karibu basi. Ijumaa moja jioni nimeshavaa koti, akaniambia aliyekuwa amsindikize anaumwa, tiketi mbili ziko mezani, na yeye hajakosa mechi ya kwanza ya msimu tangu alipoolewa. Mzee akikuomba hivyo unasemaje? Nikaenda kwa heshima tu.

Chuo Kikuu cha Vermont kiko Burlington, ng'ambo ya mto kutoka kwetu, juu kilimani. Ukumbi wao wa hoki unaitwa Gutterson, umekuwepo tangu 1963, unaingiza watu kama 4,000. Timu inaitwa Catamounts, yaani yule paka mkubwa wa milimani anayefanana na simba jike. Wa mwisho katika jimbo hili aliuawa kijiji cha Barnard mwaka 1881, na tangu hapo amebaki kwenye jezi. Na jezi zenyewe, shoga, ni kijani na dhahabu! Nilipoingia nikaona ukumbi mzima umevaa hivyo, nikakuwaza wewe na Yanga yako, machozi yakanilenga pale mlangoni.

Mchezo wenyewe nikueleze. Wachezaji sita kila upande pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini kama kisu, wanateleza juu ya barafu na magongo mikononi. Hakuna mpira wa duara. Kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu, kinakwenda kasi hata jicho linakipoteza, kikigonga ubao unaozunguka uwanja unasikia mlio kama mlango wa bati uliobamizwa na upepo. Vipindi ni vitatu, dakika 20 kila kimoja. Wanabadilishana kila baada ya muda mfupi, hata dakika haifiki, maana kukimbia kule kunamaliza pumzi. Kipindi kikiisha linaingia gari moja zito, linazunguka taratibu likimwaga maji na kulainisha barafu, na watoto wote wanasimama kulitazama kama ndilo walilolifuata.

Siku hiyo tulifungwa. Lakini si mechi iliyonishika. Kilichonishika ni daftari.

Tuliporudi nyumbani kwake alikuwa amechangamka, hataki kulala. Akaniambia nifungue droo chini ya televisheni. Mle mna madaftari makubwa manne ya jalada gumu. Kila ukurasa una jina la kijana, namba yake ya jezi, mji aliotoka, miaka aliyochezea chuo, na chini yake vipande vya magazeti vimebandikwa kwa gundi mpaka karatasi imevimba. Vijana hawa wanakaa chuoni miaka minne, wengine miwili, halafu wanaondoka. Yeye na marehemu mume wake hawakufunga ukurasa kijana akiondoka. Waliendelea: kaenda timu gani, kaumia goti, kaoa, kaacha kucheza, sasa anafundisha shule. Kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa mume, na tangu alipofariki, mwandiko wa bibi, unaotetemeka kidogo.

Nikadhani ni yeye peke yake. Sivyo. Watu wengi wa hapa wako hivyo. Jimbo lao ni dogo, halina timu katika ligi kuu, ile NHL ya Marekani na Kanada, kwa hiyo mtoto aliyepita Gutterson akifika huko juu ni wao. Ndivyo tulivyomfuata Samatta, si unakumbuka? Kutoka Simba kwenda Mazembe ya Lubumbashi, akaenda Genk, hata akafika Aston Villa mwaka 2020. Kila alipohama na mioyo yetu ilihama naye.

Sasa nikupe kisa ambacho bibi alinisimulia usiku ule, ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Mwaka 1993 walifika hapa vijana wawili kutoka Laval, pembeni ya Montreal, Martin St. Louis na Éric Perrin. Walikuwa marafiki tangu utoto, wamecheza timu moja tangu wadogo, na chuo wakachagua kimoja. Wote wafupi. Martin ana mita 1.73 tu, na katika mchezo huu wa majitu yenye mabega kama milango, hiyo ni kasoro. Kila mwaka timu za NHL huketi na kuchagua vijana kwa zamu, mamia ya majina husomwa. Jina la Martin halikusomwa. La Éric pia halikusomwa. Golini mwaka huohuo aliingia kipa mmoja, Tim Thomas. Watatu hao walikipeleka chuo mwaka 1996 katika nusu fainali ya taifa kule Cincinnati, mara ya kwanza katika historia yake, wakafungwa 4-3 na Colorado College katika muda wa nyongeza wa pili. Bibi alikuwepo. Anasema waliendesha gari kurudi Vermont bila mtu kuwasha redio.

Wakamaliza chuo 1997, wakatawanyika. Martin alihangaika timu za chini, akapata nafasi Calgary, timu ya NHL, na mwaka 2000 Calgary wakamwacha aondoke. Tampa wakamchukua. Mwaka 2004 fainali ya Kombe la Stanley, lile la bingwa wa NHL, linalochukuliwa na anayetangulia kushinda mechi nne, ikawakutanisha Tampa na nani? Calgary haohao! Tampa wako nyuma mechi tatu kwa mbili, wanacheza ugenini, wakifungwa imekwisha. Muda wa nyongeza wa pili, hata dakika moja haijapita, anafunga yule mfupi waliyemwacha. Wakarudi Tampa wakalibeba kombe. Na katika kikosi kile, bibi akaniwekea kidole kwenye picha, alikuwepo Éric Perrin. Aliitwa mwishoni mwishoni mwa msimu, mechi zake hazikuwa nyingi, ila alikuwepo. Watoto wawili wa Laval, barafu moja, kombe moja.

Martin mwaka ule ndiye alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. 2018 wakamwingiza katika Jumba la Heshima la Hoki, na tangu 2022 ni kocha wa Montreal, saa mbili tu kwa gari kutoka hapa. Ungedhani bibi atasifia hayo. Anayasema upesi tu, kama mtu anayehesabu nguo za kufua. Anakokaa ni kwa Éric. Ukurasa wa Éric ni mrefu kuliko wa Martin! Éric alicheza miaka mingi Finland, na magazeti ya hapa hayaandiki ya Finland, kwa hiyo mume wake alikuwa akitafuta matokeo kwa taabu na kuyanakili kwa mkono. Nikauliza kwa nini taabu yote hiyo. Akasema aliyefika juu ana watu wengi wa kumwangalia.

Tim Thomas naye aliteuliwa wa 217, akazunguka Finland na Sweden, akawa kipa wa kutegemewa Boston akiwa ameshapita miaka 30. Mwaka 2011, ana umri wa miaka 37, mechi ya saba ya fainali mjini Vancouver, hakuruhusu hata goli moja. Boston 4, Vancouver 0. Yupo pia John LeClair, mzaliwa wa St. Albans hapa jirani, Mvermont wa kwanza kucheza NHL, ambaye mwaka 1993 aliifungia Montreal magoli ya muda wa nyongeza mechi mbili mfululizo za fainali. Halafu 2021 kijana mwingine wa Gutterson, Ross Colton, akafunga goli moja na la pekee lililowapa Tampa kombe mbele ya Montreal. Bibi ameibandika picha ya Colton ikitazamana na ya LeClair.

Hayo si yote mazuri. Kuna ukurasa hauna picha, umeandikwa "Januari 2000" tu. Wachezaji waliotangulia kwenye timu walikuwa wamewadhalilisha wale wapya kwa mambo ya aibu, na chuo kikafuta mechi zote zilizobaki za msimu. Bibi hakutaka kuuruka. Alisema uso wake ulikuwa wa moto kwa aibu dukani, kana kwamba ni wanawe. Nilimheshimu sana kwa ukurasa ule. Msimu uliofuata akaja Patrick Sharp, ambaye baadaye alibeba kombe mara tatu na Chicago, lakini bibi anachokumbuka ni kwamba wale vijana wa 2000 walianza kucheza mbele ya watu waliokuwa bado wameumizwa, na watu wakaja hivyohivyo.

Na wasichana wanacheza, shoga! Hilo ndilo ningetaka wanao walisikie. Amanda Pelkey, mtoto wa jimbo hilihili, alichezea chuo, na mwaka 2018 alikuwa na timu ya Marekani iliyoishinda Kanada kwa penalti na kupata dhahabu ya Olimpiki. Bibi amemwandikia kurasa nne.

Nimekwenda naye misimu mitatu sasa. Mwezi uliopita, mapumziko ya pili, tumesimama kwenye ujia tunasubiri chai. Akaja mwanaume wa mvi, mpana, anachechemea kidogo. Alitaka kupita. Bibi akainua fimbo yake, akaitaja namba yake ya jezi. Namba tu. Yule baba akasimama. Bibi akamtajia goli alilofunga usiku wa theluji nyingi, dhidi ya nani, na nani alimpa pasi. Yule mtu aliinama mpaka nyuso zao zikalingana, akamshika mkono mikono yake miwili, akawa anatikisa kichwa bila neno. Nilikaa na vikombe vya chai vinaniunguza vidole, sikuthubutu kusogea. Baadaye bibi akaniambia hakuwahi kufika NHL, alicheza miaka miwili timu ndogo, akarudi kwao kuuza mbao. Kwenye daftari yupo. Nilimwangalia nyumbani, yupo kweli, na duka la mbao limeandikwa.

Usiku huo akaniuliza, "Wewe ulichezea nini?" Nikamwambia mpira wa pete, shule ya msingi, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nikamweleza jinsi tulivyojenga pete kwa waya wa dirisha na nguzo ya mkaratusi, mistari ya majivu, na zile herufi za nafasi ya kila mmoja uwanjani tulizoandika kwa mkaa kwenye vitambaa. Wewe GS. Mimi C. Akasema, "Na wale wengine wako wapi?"

Mama Mapacha, nilinyamaza. Tulikuwa saba. Nikaanza kuhesabu: wewe Kasulu, mimi huku. GA alipata ndege ya Australia, hilo nilisikia. Kipa wetu alirudi Fizi, Kongo, na mama yake. Halafu nikakwama. WA yuko wapi? Yule GD aliyekuwa anaruka kuliko wavulana? Na WD, aliyenigawia viatu vyake siku ya fainali na shule jirani, akacheza peku kwenye changarawe mpaka damu, na mimi leo sijui kama yu hai?

Bibi hakusema kitu. Aliniomba nimletee droo ya juu, akatoa daftari jipya, la tano, ambalo naamini alijiwekea mwenyewe. Akanipa, na chupa ya gundi.

Basi nimeanza. Ukurasa wako umejaa pande zote mbili, na picha ya mapacha nimeibandika. Ninachokuomba ni hiki: uende Nyarugusu sokoni, Jumamosi ukipata nafasi, ukaulizie. Wamama wanaouza dagaa wanajua kila familia ilikoelekea. Muulize mwalimu wetu kama bado yupo, yeye hakuwa anasahau. Ukipata hata jina la mji tu, niandikie, nami nitatafuta kwa upande huu. Anza na WD.

Msalimie shemeji, na uwabusu mapacha.

Ni mimi shoga yako,
C