Barua kwa Anastazia baada ya safari ya Farm 17

Shangani, Mtwara

Mpendwa dada Anastazia,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo Newala, hasa Bibi, ambaye sikuacha kumfikiria safari nzima. Sisi huku hatujambo. Tulipoagana kwenye arobaini ya mjomba wako uliniomba kwamba, siku nikipata safari ya Nachingwea, nisipite bila kuingia Farm 17, kisha nikuandikie niliyoyaona kwa macho yangu. Nimefika huko wiki iliyopita, na nimeona afadhali nikuandikie barua kuliko kukupigia simu, kwa kuwa mambo yenyewe hayasemeki kwa haraka.

Njia unaijua: Mingoyo, Ndanda, Masasi, kisha unakata kwenda Nachingwea. Mikorosho ilikuwa imeanza kuchanua, na harufu yake ilitufuata hadi mjini. Jina la Farm 17 ni la zamani kuliko vita vya ukombozi. Lilibaki kutoka katika ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ukatuachia bandari ya Mtwara na njia ya reli iliyokuja kung'olewa. Baadaye serikali yetu iliwapa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, eneo hilo kuwa kambi ya mafunzo, na hapo ndipo kamanda wao Samora Machel alipowapika wapiganaji waliovuka mto Ruvuma kwenda kupigana na Wareno.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja aliyekulia kijiji cha jirani, ambaye nilimwita Babu kama ilivyo desturi, naye akanichukua kama mjukuu. Alinionyesha majengo, miti waliyopanda wapiganaji, na mahali walipokuwa wakikusanyika jioni kuimba, akieleza kwamba walipokuwa watoto walizijua nyimbo hizo kwa moyo ingawa maneno ya Kireno hawakuyaelewa. Aliyaeleza yote hayo kwa fahari, na fahari hiyo ni ya haki kabisa. Watu wa Lindi na Mtwara waligawana chakula na wageni wale kwa miaka kumi, na mabomu ya Wareno yaliwahi kuangukia vijiji vya mpakani kwa sababu ya ukarimu huo.

Lakini mimi nilikwenda na swali lako, dada, nalo halikuwa la wapiganaji bali la wale ambao FRELIMO iliwafunga. Nilipomuuliza, Babu alinyamaza kwa muda, kisha akanipeleka nyuma ya mstari wa mikorosho mikubwa, penye sakafu ya saruji isiyo na ukuta wala paa, ambayo nyasi zimepenya katika nyufa zake. Mhimili mmoja wa mlango bado umesimama, na juu yake kuna bawaba mbili za chuma. Nilipoikwangua mojawapo kwa ukucha, chini ya kutu kulikuwa na rangi ya kijani, imepakwa mara nyingi hadi imekuwa nene kama ganda. Babu hakuniambia kwamba hapo ndipo watu walipofungiwa, nami sitaki kukuambia jambo ambalo yeye hakulisema. Alisema tu kwamba watoto walikatazwa kuvuka mstari ule wa mikorosho, na kwamba mwaka 1975 malori yalikuja mengi.

Nilikaa pale nikiwaza habari mbili ambazo sijawahi kusikia zikisimuliwa pamoja. Tarehe 1 Agosti 1974 FRELIMO waliiteka kambi ya Wareno ya Omar, karibu na Ruvuma, wakawavusha askari wake hadi upande wetu wa Tanzania wakiwa mateka. Baada ya Mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba mateka hao waliachiliwa, wakarudi kwa mama zao. Miezi minane tu baadaye, tarehe 12 Mei 1975, hapo hapo Nachingwea, Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma mbele ya umati maungamo marefu ya kujishutumu mwenyewe. Siku kumi na mbili baada ya hapo Samora alivuka Ruvuma kuanza ile safari yake ya ushindi hadi Maputo. Simango na wapinzani wengine wa uongozi wa FRELIMO, Joana Simeão, Padri Gwenjere na Lázaro Nkavandame, ambaye Bibi alibeba pamba katika ushirika wake kule uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, walivushwa mto huo huo wakiwa wafungwa, wakapelekwa mkoa wa Niassa, wakauawa bila kupelekwa mahakamani. Familia zao hazijaonyeshwa makaburi hadi leo.

Najua Nkavandame alikwenda kwa Wareno mwaka 1969 na akawataka Wamakonde waweke silaha chini, na najua wapo wazee wengi hapo Newala ambao hawatamsamehe. Sikuandikii ili kumtetea. Kinachoniuma ni kwamba adui aliyekamatwa na bunduki mkononi alirudishwa kwao, na ndugu aliyegombana na ndugu zake hakurudishwa hata mfupa. Jambo hilo lilipitia katika ardhi yetu, nasi tunapowatembeza wageni tunawaonyesha nyumba ya kamanda na kuishia hapo. Ningependa siku moja watoto wa shule waonyeshwe pia ile sakafu, na waambiwe majina ya watu hao bila kupunguza hata kidogo sifa za wale waliopigana.

Babu alipokuwa akinisindikiza aliniuliza nimetumwa na nani. Nilipomtajia Bibi na kusema alitoka Mueda, alinishika mkono akasema nimwambie kwamba mlango bado uko wazi, kama magoti yatamruhusu kusafiri. Ndani ya bahasha nimeweka picha ya zile bawaba. Tafadhali mwonyeshe Bibi wakati wa mchana, akiwa amekwisha kula, na ukae naye mpaka atakapomaliza kusema. Kama ataamua kwenda, mimi nitamfuata hapo Newala kabla mvua hazijaanza, twende wote watatu.

Wako akupendaye,
Zainabu